Siku Tulipobeba Lori Mabegani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile tuliyobeba lori mabegani na kulipandisha mlimani mpaka kwa bibi yangu.

Usicheke kwanza. Lilikuwa lori la mianzi, halina injini wala matairi, nitakueleza. Ila kabla sijafika huko nikuambie jambo moja, usije ukadhani mama yako alichanganyikiwa. Ninapoandika haya wewe hujazaliwa. Baba yako simjui ni nani, na mtu akisoma kwamba nimeandika hivyo nitatafuta pa kujificha. Bado navaa sketi ya shule, niko kidato cha tatu, na mbele za watu sauti yangu huwa haitoki. Mwalimu akiniuliza swali nasimama kama nguzo mpaka anachoka mwenyewe. Kwenye karatasi ndiko ninakoweza kuongea. Kwa hiyo leo nimeazima uzee, nikuase kama wazee wanavyotuasa sisi, kwa sababu kuna jambo limetokea huku kwetu ambalo mpaka sasa linanitetemesha, na nikilifikiria naona linakuhusu wewe kuliko mimi.

Kwetu ni juu, upande wa Mtae. Asubuhi ukifungua mlango ukungu unaingia ndani wenyewe, haubishi hodi. Nyumba zimekaa mgongoni mwa mlima, migomba katikati yake, na mashamba yameteremka pande zote mbili. Barabara ya magari iko chini kabisa. Kabichi, viazi, matunda damu, vyote tunavishusha kichwani, na njia ikiwa na utelezi ukianguka kabichi inakutangulia, unaikuta imekungoja kwenye jiwe ikiwa vipande.

Nilipokuwa mdogo, mtu aliyekuja kununua mazao kwa siri aliitwa mlanguzi, na akisikia mgambo wanakuja alikimbia akaacha hata mizani. Siku hizi ni ruksa. Mlanguzi yuleyule anaitwa mfanyabiashara na anakunywa chai kwa mwenyekiti. Mmoja wao, sisi tunamwita Tajiri wa Kabichi, alipanda mpaka huku juu kwa miguu, akapumua weee, akasema, "Nyie leteni barabara, mimi nitaleta lori mpaka mlangoni kwenu. Msipoileta, wenzenu wa mlima wa pili wataileta." Akafuta viatu kwa jani la mgomba, akaondoka. Yale maneno ya mwisho ndiyo yaliyowachoma watu.

Mzee Hoza, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alichora barabara siku ileile kwa mpini wa jembe, kwenye vumbi. Mstari mmoja, umenyooka, kutoka chini hadi msikitini. Si mtu mbaya, usije ukamchukia. Ni mtu aliyechoka kuona watu wake wanabeba mizigo kama punda, basi. Lakini mstari ule ulipita kwenye mteremko mkali, na chini ya mteremko, karibu kabisa, ndipo ilipo nyumba ya bibi, mama yake mama.

Wakati huo Mjomba Rajabu alikuwa amekuja likizo. Mjomba ni kaka yake mama, anafundisha usanifu kwenye chuo cha ufundi mjini. Kwetu hakuna anayejua usanifu ni kitu gani. Wengine wanadhani anafundisha watu kuchora maua kwenye vitambaa. Mzee Hoza akamwomba aichore ile barabara kwenye karatasi kubwa, ipelekwe wilayani, ionekane ni kazi ya wasomi.

"Nitachora, mzee," Mjomba akasema. "Ila kwanza tuibebe."

"Tubebe nini?"

"Barabara. Na lori lake."

Wazee wakatazamana. Mmoja wao akamwinamia mama, akamwuliza kwa Kishambaa kama kaka yake huko mjini huwa analala vizuri.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na Mjomba kwa bibi. Ukungu ulikuwa mzito, mtu wa mbele yako unamsikia viatu tu. Mjomba akawasha tochi, halafu badala ya kutembea akasimama.

"Tazama huu mwanga. Hapa mkononi ni mwembamba, mbele unapanuka. Umeona?"

"Nimeona, Mjomba."

"Kesho nayo iko hivyo. Hapo katikati panapong'aa ndipo watu wote wanapopatazama, ile kesho wanayoitegemea. Pembeni huku mwanga ni hafifu, lakini bado ni mwanga. Mambo ya huku nayo yanaweza kutokea. Nje ya hapo ni yale ambayo hata kuyawaza hatuwezi."

Kwa Mjomba sauti yangu hutoka. Nikamwuliza, "Na ile kesho tunayoitaka, iko wapi?"

"Popote. Saa nyingine iko pembeni kabisa, na ndiyo maana ipo kazi inayoitwa kusanifu. Kuchora kitu kizuri si usanifu, Mwanaidi, hiyo ni sehemu ndogo. Unatazama hali ilivyo. Unauliza ingekuwaje ili iwe bora, na bora kwa nani. Halafu unatengeneza njia ya kufika huko. Bibi yako angesema kuzifya shi, kuiponya nchi. Shida ni kwamba hata anayeiharibu huanza kwa kusema anaiponya."

Tukatembea kidogo, akasimama tena. Mjomba hawezi kufikiri huku anatembea, na kwa kusimamasimama kule tungeweza kufika adhuhuri. Akasema kuna wenzake chuoni wanaoamini kazi ya msanifu ni kutatua tatizo, likishatatuliwa anakusanya penseli zake anakwenda nyumbani. Una kiu, anakuchimbia kisima, kwaheri.

"Mimi hao nimeanza kuwaogopa. Kisima kikishakuwepo, kinaanza nacho kutuchimba sisi. Watu watahamia karibu nacho. Njia ya zamani ya maji itaota majani, na hadithi zilizokuwa zinasimuliwa njiani zitakufa. Sisi tunatengeneza vitu, halafu vitu vinakaa chini vinatutengeneza sisi. Na mlango mmoja ukishafunguliwa, kuna mingine inajifunga nyuma yako bila kelele. Hujui hata kama ilikuwepo."

"Mjomba, mimi naogopa."

"Vizuri," akasema. "Asiyeogopa mimi simpi penseli."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, hakuwa anatania.

Basi vijana wakakata mianzi, wakaifunga kwa kamba za mgomba, ikawa kama sanduku kubwa lisilo na kuta, upana wake na urefu wake sawa na lori ambalo Mjomba alilipima sokoni Mlalo. Wakaingia ndani yake, wakalibeba mabegani. Mbele alikaa Kaniki, kijana mmoja mchekeshaji ambaye hata msibani inabidi akalishwe mbali. Akashika kipande cha ungo kama usukani.

"Piiip! Mama, kaa pembeni, breki zimeisha!"

"Kaniki, umelipia leseni?"

"Nimeacha nyumbani, mgoshi! Panda, panda, Dar es Salaam moja kwa moja, chooni ni Korogwe!"

Kitongoji kizima kilifuata nyuma. Watoto wanataka kupanda, mama zao wanawavuta. Mpaka hapo ilikuwa sherehe. Lakini mteremko ulipokaza vicheko vikapungua, ikabaki pumzi. Kwenye kona lori halikugeuka. Walilirudisha nyuma, wakalipeleka mbele, wakakanyaga viazi vya watu, na mwishowe kona ya mianzi ikachoma ukuta wa jiko la bibi na kutoa udongo.

Bibi akatoka na mwiko mkononi.

"Hilo lori lenu linatafuta nini kwenye ugali wangu?"

"Bibi, shikamoo! Jiko lako liko barabarani!" Kaniki akasema.

"Marahaba. Barabara yenu ndiyo iko jikoni. Mimi nilitangulia."

Watu wakacheka sana. Lakini bibi hakucheka. Akautazama mteremko ulio juu yake, akatazama miguu yake, akasema kwa sauti ya chini, "Jiko nitalihamisha. Ileteni hiyo barabara. Magoti yangu yamekwisha."

Nimeandika hilo makusudi, mwanangu. Usije ukasikia kwa watu kwamba bibi yangu aliikataa barabara. Aliitaka. Sote tuliitaka.

Mjomba akaomba lori lishushwe. Akasema, tuseme kazi imeshakwisha, miaka imepita, barabara ipo. Kila mtu aseme anaona nini. Kaniki akasema anaona amenunua lori lake mwenyewe na ameoa wawili. Mwingine akaona kila nyumba ina bati. Mwingine duka lenye soda. Halafu akasema mama mmoja ambaye mtoto wake alifia njiani, akibebwa kwenye machela kushushwa hospitali. Akasema, "Mimi namwona mwanangu amefika." Watu wote tukatazama chini.

Mjomba akangoja. Akauliza, "Mvua hakuna aliyeiona?"

Mtu mmoja akarudia habari za bati.

Hapa lazima nikueleze, labda kwenu mambo yamebadilika. Kwetu mtu hatamki baya la kesho. Mtu akisafiri husemi gari lisije likaanguka. Mja mzito humwulizi akijifungua vibaya itakuwaje. Ukisema, unaambiwa unachuria, tema mate chini, na baya lile likitokea basi wewe ndiye uliyeliita. Tangu tunajifunza kuongea tunafundishwa hivyo, na ni adabu, ni upendo pia. Ndiyo sababu watu wazima wale wote, waliozaliwa kwenye mlima ule na wanaoujua kuliko mimi, walisimama chini ya mteremko wakasema bati na soda. Si kwamba hawakujua. Midomo ndiyo iliyofungwa.

Mjomba akanigeukia. "Mwanaidi. Wewe ni mtu ambaye hajazaliwa bado. Nenda kasimame pale uani kwa bibi, chini ya mstari. Halafu tuambie unaona nini."

Siku ile, mwanangu, mimi nilikuwa wewe.

Nilikwenda kwa sababu kukataa kungehitaji kuongea. Nikasimama uani. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, umeshafika kwenye migomba. Nikajaribu kweli kuwa wewe. Nikawaza, nimezaliwa, nimekua, nimekuja kutafuta mahali mama yake bibi alipokuwa anaishi. Nikatazama juu, nikauona ule mstari ambao vijana walikuwa wameupigia vijiti, na juu yake mlima mzima umeegemea hewa. Sauti ikatoka, sijui ilitoka wapi.

"Naona udongo," nikasema. "Mlango siuoni."

Mzee Hoza aliruka kama ameungua. "Astaghafirullahi! Huyu mtoto anatuchuria! Mbele ya mwenye nyumba!"

Mama akanishika mkono kwa nguvu. "Tema mate! Tema mate chini, sema umekosea!"

Nikatema. Kusema nimekosea sikuweza, si kwa ushujaa, sauti ilikuwa imekwisha. Nilimtazama bibi. Alikuwa ameshika mwiko kifuani, ananitazama kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

Mjomba akasimama kati yangu na wazee. "Mzee wangu, nisamehe. Anayechuria anasema itakuwa. Mpiga ramli naye anasema itakuwa. Huyu mimi sikumwuliza itakuwaje. Nimemwuliza, ikiwa, je? Hayo ni maswali mawili tofauti."

"Kesho ni ya Mungu, Rajabu."

"Ni ya Mungu, mzee. Na jembe ni la nani?"

Kisha Mjomba akawageukia wote. Akawaonyesha njia nyingine, inayozunguka kwenye mikaratusi, ndefu, yenye mteremko mpole. Akasema hata hiyo tusiichimbe yote. Tuchimbe kipande, tupande majani kingoni, masika moja ipite juu yake, tutazame ardhi imejibu nini, kwa sababu kosa dogo linarekebishika na kosa kubwa linabaki kwa wajukuu. Wazee wakasema Tajiri hawezi kungoja masika. Walisema kweli, asingengoja. Mjomba akakataa kuuchora ule mstari ulionyooka, Mzee Hoza akasema basi hata karatasi haina haja, na watu wakatawanyika bila kuagana vizuri.

Alipokuwa anaondoka kurudi mjini nilimsindikiza. Alikuwa mnyonge. "Huenda nimekosea mimi," akaniambia. "Huenda mlima ule ukakaa miaka mia. Sina hakika. Ningekuwa na hakika ningefungua duka la uganga." Halafu akaniambia maneno ambayo sikuyataka. "Mvua zikianza, uwe unapita kule juu ya nyumba ya bibi unatazama ardhi. Ukiona kitu, sema. Usingoje kuulizwa."

Barabara ilichimbwa kwa msaragambo, kila nyumba ilitoa watu. Mimi nilibeba udongo kama wengine, na nisikufiche, mstari ulipofika msikitini nilipiga vigelegele kama wengine. Tajiri alileta lori mara chache, likapanda likilia kama ng'ombe, likashuka na kabichi zetu. Hatukubeba. Mama alikaa kitako mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikaanza kuamini kwamba Mjomba ni mwoga tu na mimi nimemfuata.

Halafu masika ikaingia.

Sijui nikuelezeje hofu ya mvua. Zamani mvua ikipiga bati nilikuwa nalala vizuri zaidi. Mwaka huu kila tone nalisikia limeanguka pale pale. Nikitoka shule napitia juu, kwenye ukingo uliokatwa, nainama natazama. Kisimani wasichana wakiniona wanafunika ndoo. "Uchuro huyo anakuja, maji yataoza!" Wanacheka, na mimi nacheka nao, maana nisipocheka ndiyo nitakuwa nimekubali.

Siku moja nikaona mstari kwenye majani, mwembamba kama uzi. Nikajiambia ni njia ya siafu. Siku nyingine nikaingiza kidole. Baadaye mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko, na kule ndani palikuwa na baridi, na hapakuwa na mwisho.

Mwanangu, nilikaa pale nikalia. Nikisema na mlima ukashuka, mimi ndiye niliyeuita, mara ya pili sasa. Nikinyamaza, bibi yuko chini anapika maharage. Nilijua kabisa la kufanya na bado miguu haikunyanyuka, mpaka nikasikia sauti yake anafukuza kuku. Ndipo nikashuka.

Bibi hunitania kwa kuniita mke mwenzake, kama bibi wote. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, bila hata kumwamkia.

"Mke mwenzangu," akasema, "unataka nihame nikuachie babu yako?"

"Bibi, babu alishakufa. Twende nyumbani. Nakuomba."

Akageuza maharage. Akasema, bila kunitazama, "Nimeshausikia. Udongo unaongea, mimi ni mzee, nausikia. Lakini nikitoka hapa leo, watu watasema umenitoa kwa mdomo wako. Na mlima ukianguka watasema uliuangusha wewe. Msichana akiitwa mchawi haolewi, haajiriwi, hata akifa hazikwi vizuri. Mimi nimeshakula maisha yangu. Nitakaa."

Nikaelewa basi. Aliamua kukaa chini ya ule ufa kwa ajili ya jina langu.

Sijui nilifikaje kwa Mzee Hoza. Alikuwa barazani na wanaume wenzake wametoka kuswali alasiri. Nikapiga goti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nini tena?"

"Kuna ufa juu ya nyumba ya bibi, mkono wangu umeingia mpaka kwenye kiwiko. Bibi hataki kutoka, anasema watu watanisema. Mzee, naomba umtoe wewe."

Mmoja wao akaanza, "Huyu tena..." Mzee Hoza akamnyamazisha kwa kiganja. Akavaa makubazi yake, akanifuata kwenye mvua, wote wakafuata. Pale juu akainama, akakunja shati, akaingiza mkono wake. Mkono wa Mzee Hoza ni mrefu. Uliingia wote, mpaka bega. Alibaki hivyo kwa muda, shavu lake limelala kwenye tope, na nilimwona usoni, mwanangu. Nilikuwa nadhani wazee hawaogopi.

Alipoinuka alisema kwa sauti, kila mtu asikie. "Ukingo huu utaanguka. Nimesema mimi, Hoza. Mtu akiuliza nani katamka, ni mimi."

Hakuna aliyemwambia ateme mate.

Tukashuka. Akamwambia bibi, "Mama, mimi niliyeipitisha barabara hapa ndiye ninayekuhamisha. Mtoto huyu hayumo." Akajitwika kitanda cha bibi mwenyewe, mwenyekiti, akapanda nacho kilima. Kaniki alibeba masufuria, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno.

Sasa unataka kujua kama mlima ulianguka. Haujaanguka. Bibi analala nasi, nyumba yake iko pale imefungwa, na mimi naandika haya mchana wa Jumapili huku mvua inapiga. Lori limekatazwa kupanda. Tajiri amehamia mlima wa pili kama alivyosema. Kabichi zetu zinaozea shambani, harufu yake naisikia hapa nilipo, na mama ameanza tena kubeba. Wapo wanaosema tumepoteza kila kitu kwa ajili ya hofu ya msichana mmoja. Bibi naye leo asubuhi jua lilipochungulia aliniuliza kama si vizuri akarudi sasa, maana mlima mbona umetulia. Nilimshika tu kanga nikamwambia asiende, mke mwenzangu, subiri.

Wewe unayesoma unajua ulianguka au la. Mimi sijui, na hilo ndilo linalonitetemesha, kwamba unanitazama kutoka mahali ambapo mambo yameshakwisha. Kwa hiyo sikiliza ninalokuasa, maana nimelifikiria sana, na nataka lifae hata kama mlima haukuanguka kamwe.

Utatengeneza vitu. Nyumba, barabara, sheria ya kijiji, hata ratiba ya watoto wako. Kabla hujachimba, kibebe kwanza hicho kitu mabegani, kizungushe pale kitakapokaa, uone kinagonga jiko la nani. Usiulize tu kitatupa nini, uliza na kitatufanya tuwe watu gani. Chimba kipande kidogo, ngoja mvua, uwe tayari kufukia. Na katika kila kikao mweke mtu mmoja azungumze kwa ajili ya wale ambao hawajaja, umsikilize hasa akiwa ni mtoto, hasa akiwa anatetemeka, na akimaliza kusema baya aliloliona usimwambie ateme mate. Msaidie kulibeba neno lake, kama Mzee Hoza alivyolibeba langu. Nimegundua kunyamaza nako ni kuchora, mwanangu. Mstari ule ulionyooka tuliuchora wote.

Usidhani nakuomba ukae bila kutengeneza. Yule mama bado anamwona mwanawe amefika hospitali, na siku moja lazima barabara ifike huku juu. Tafuta njia. Ogopa, halafu utafute.

Bibi ameniuliza naandika nini, nikamwambia namwandikia kitukuu chake. Ameweka mkono juu ya karatasi hii, hapa palipobaki tope kidogo la kiganja chake, akaomba dua kwa Kishambaa, nami nakuandikia ilivyo kwa Kiswahili: Mwenyezi Mungu akufikishe. Akukute na ardhi chini ya miguu yako na maji karibu na mlango wako. Akupe moyo unaojua kutetemeka, na ulimi usiotetemeka. Amina.